Bomba la Gari la Baba

Fundi wa gereji jirani akipuliza rangi, mteja hupata nafuu hapa dukani kwangu Karatu, maana nasahau kubishana bei.

Harufu hiyo ya rangi ndiyo ya uani kwetu Rhotia nikiwa mtoto, baba alipokuwa akiigeuza stesheni wagoni yake kuukuu ifanane na magari ya watalii. Aliichomelea ngao mbele, akaipuliza rangi ya mchanga, akafunga bomba refu jeusi kando ya kioo, kama yale ya kuvutia hewa kwenye magari hayo.

"Hilo bomba linaingia wapi, baba?"

"Machoni mwa mtalii, binti yangu."

Nilitaka siti ya mbele kwenye safari ya kwanza ya Ngorongoro. Akasema nyuma. Tukapatana mbele, ila nioshe magurudumu. Niliyaosha yote manne, nikayarudia.

Asubuhi nilitoka na gauni la kanisani. Baba alikuwa ameshaondoka. Mama alisema amepata wageni, gari limejaa.

Kwenye majani palibaki umbo la gari, katikati kijani, pembeni rangi ya mchanga. Nikaingia ndani ya umbo hilo, nikakaa upande wa kushoto, mbele kabisa, nikatulia. Mama akaniita nikanywe chai.

Nikamwambia bado hatujafika.