Yai la Leo

Alipostaafu ukaguzi wa shule, Mzee Mkaguzi aliuhamishia ukali wake kwa kuku watano wa uani. Kwake yeye, yai la jana lilikuwa kiporo.

Jumapili moja alimwalika shemeji yake, fundi cherehani, aje wafungue kinywa pamoja. Vitunguu vilikatwa na kikaango kikawekwa tayari, ila hakuna kuku aliyetaga. Mkaguzi akachuchumaa mbele ya banda, saa mkononi, kama anayesimamia mtihani.

“Vumilia, shemeji. Huyu mwekundu yuko njiani.”

Saa mbili ikawa saa nne. Tumbo la shemeji likawa linanguruma bila haya. Mke wa Mkaguzi, uvumilivu ukiwa umemwisha, aliingia jikoni, akavunja mayai manne ya juzi, akayapiga na chumvi na kuyakaanga. Harufu ikamleta mumewe mbio.

“Kumbe wengine wametaga nje ya banda?”

“Kaa ule, baba watoto.”

Mkaguzi akaonja, akafumba macho. “Mnaona tofauti? Bado yana joto la kuku!”

Fundi akamtazama dada yake, aliyekuwa amegeukia ukutani huku mabega yakimtikisika.

“Naiona, shemeji,” akasema, akisogeza sahani. “Niongezee hiyo tofauti.”