Kikohozi cha Dorika

Mke wangu Dorika alizaliwa Lukuledi, bondeni, karibu na maji. Mimi nikamwoa nikampandisha Newala, kwenye ukavu. Nikimkosea ananikumbusha. "Umenitoa mtoni," anasema, halafu anachukua ndoo yake anateremka na wenzake. Maji yetu yako chini, na mlima unaupanda ukiwa nayo kichwani. Hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kutania.

Alikuja kwangu na sanduku la nguo na santuri moja. Usichanani aliimba kwaya misheni. Padri mmoja mgeni akawarekodi kwa mashine yake, akapeleka kwao, zikarudi santuri, kila mwimbaji akapewa yake. Siku ya kurekodi walikatazwa kula. Dorika akaficha korosho shavuni. Wimbo wa kwanza ukaisha salama. Wa pili haujaanza, watu kimya, kipande cha korosho kikamkwama, akakohoa. Utepe wa padri ulikuwa umebaki kidogo, hapakuwa na kurudia. Kikohozi kikaenda Ulaya na kikarudi.

Wageni wakija alikuwa akiwawekea. "Nyamazeni, sasa naingia mimi," anasema. Kikohozi kikipita, watu wanacheka, yeye anainua sindano. "Basi, zamu yangu imekwisha." Wimbo wa pili wenyewe haukupata kusikilizwa nyumbani kwetu.

Waimbaji walikuwa wengi. Niliitafuta sauti yake humo miaka na miaka, sikuipata. Kikohozi ndicho nilichokijua.

Tulipohamishiwa vijijini tuliacha mikorosho, tukaacha na milango. Santuri aliibeba katikati ya mikeka miwili. Baadaye mashine yetu ya santuri ikafa. Biashara zilipofunguliwa maduka yalijaa kila kitu, lakini sindano za santuri hazikurudi. Watu walikuwa wamehamia kwenye kanda, halafu sidii.

Tuliporudia mikorosho yetu tuliipuliza unga wa salfa, dawa ya ukungu, wote wawili, yeye kitambaa puani. Kifua kikaanza. Hospitali walisema maneno yao, mimi sijui. Mwaka wa mwisho alikohoa usiku na mchana. Nikimwinua anywe maji ananiambia, "Wimbo wa pili huo." Alikufa korosho zimeanza kuanguka. Mwaka ule sikuziokota.

Msiba ulipokaribia kutimiza mwaka, binti yetu Scholastika, aliyeolewa Nanganga, aliomba santuri ya mama yake iingizwe kwenye sidii, tuisikilize baada ya misa ya kumbukumbu. Dukani kwao ana redio ya sidii, inakwenda kwa betri ya gari. Akanielekeza kwa Selestini, mpiga picha wa Masasi, ambaye kompyuta yake ameiweka sebuleni. Nikaifunga santuri kwenye kanga ya Dorika, nikashuka.

Selestini ni mtu mzima, mvi zimeanza. Akaniamkia, nikaitikia. Alikuwa na mashine ya santuri ya marehemu baba yake, ameiunganisha na kompyuta kwa waya. Mimi nilidhani kompyuta itaitazama santuri na kuinakili, kama anavyonakili picha. Akasema hapana, lazima iimbe yote, na kompyuta isikilize. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikakaa.

Wimbo wa kwanza ukapita. Kikaja kimya. Halafu akakohoa.

Nilishika kiti. Selestini alikunja uso, kama mtu aliyeona inzi kwenye chai. Wimbo wa pili ukaimbwa mpaka mwisho. Akainamia kompyuta yake kitambo, akatoa sidii, akanisikilizisha. Wimbo wa kwanza, kimya, wimbo wa pili.

"Dorika yuko wapi?" nikamwuliza.

"Yumo, Baba Scholastika. Si wanaimba wote?"

"Kile ulichokitoa."

"Kikohozi?" Akacheka kidogo. "Nimekusafishia, Baba. Watu watasema Selestini kazi yake chafu."

"Kirudishe. Ndiye yeye."

Nikamweleza habari ya korosho. Hakucheka tena. Alikuwa anageukia kompyuta umeme ukakatika. Akasema aliyorekodi yamepotea, imebaki ile sidii iliyosafishwa. Akanishauri niichukue, gari la Newala linaondoka, na umeme wa Masasi naujua mwenyewe.

Nilikuwa nimechoka. Tangu tumzike nimechoka. Nikamwambia nitakaa.

Nilikaa barazani. Gari likapita, konda akaniita, nikampungia mkono aende. Mke wa Selestini akaleta ugali wa muhogo na kisamvu. Selestini akaja akakaa nami. Akauliza mama alikufa kwa nini. Nikasema kifua. Akala, kisha akauliza taratibu, "Na hicho kikohozi hukukichoka, Baba?"

"Nilikichoka sana," nikasema. "Sasa silali kwa kimya."

Umeme ulirudi alasiri. Santuri ikaimba tena, akakohoa tena. Safari hii Selestini hakugusa kitu. Alitaka kuandika jina la kwaya juu ya sidii. Nikamwambia aandike Dorika. Nilirudi Newala juu ya lori la magunia.

Siku ya misa watu walikaa uani kwenye mikeka. Scholastika akafungulia redio aliyokuja nayo. Wimbo wa kwanza ukaisha, kikaja kimya. Wanawake waliomjua wakaacha kazi mikononi. Akakohoa.

"Huyo," akasema dada yake wa Lukuledi, mzee sasa, macho yameisha. "Korosho imemkwama."

Wakacheka wote. Scholastika naye, huku anafuta machozi, akanyoosha mkono azime, kama alivyozoea kumwona mama yake.

"Acha," nikamwambia. "Leo aimbe."

Akaacha. Tukausikiliza wimbo wa pili mpaka mwisho. Sauti yake sikuipata. Halafu wanawake wakarudi jikoni, chakula kilikuwa bado.