Mbao za Tata Kabeya, kutoka Kakanda mpaka Panda

Siku Tata, baba yetu, alipotoa maneno yake tulikuwa wanne ndani ya nyumba, kule kambini Panda. Yeye mwenyewe, Kabeya, alikuwa kitandani, miguu imevimba. Mama Mbombo, mke wake, mama yetu, aliketi chini akichagua maharage. Kaka yangu Tshibangu, mzaliwa wa kwanza, alisimama mlangoni na nguo za kazi, kwa maana zamu yake ya kiwandani ilikuwa karibu. Wa nne ni mimi, Ngalula, mtoto wa tatu. Wa pili aliitwa Mwamba, huyo alikwisha kutuacha akiwa mdogo. Ilikuwa miaka ile majina ya ubatizo yamekatazwa na barabarani watu tunaitana sitwaya, yaani raia, lakini Mama ndani ya nyumba aliendelea kumwita mume wake Feridina, na hakuna aliyemkataza.

Tata akasema, "Minye sitaki sanduku ya mbao ya duka. Gogo yangu iko kwa Kalasa, Kakanda. Mulete ile."

Tshibangu akasema, "Tata, bado. Tuache maneno ya sanduku."

"Sikukuuliza kama ni bado. Weye iko na kazi, hawatakupa ruhusa. Ngalula njo yeye ataenda."

Lazima nieleze gogo hilo. Kabla ya kuja Panda, Tata alipasua mbao miaka mingi katika msitu wa nyuma ya Kakanda, kwa mwenye mbao mmoja aliyeuza miti ya kushikilia mashimo ya madini. Mwenzake wa msumeno alikuwa Kalasa, Musanga, kabila la palepale; sisi ni Baluba. Mtu akifa kambini mwao kule msituni, wao wawili ndio waliompasulia mbao za sanduku. Tata alipoondoka aliacha gogo moja la mulombwa, mti mgumu, chini ya kibanda cha Kalasa, akasema siku moja atalihitaji. Sasa siku hiyo ilikuwa inakuja, na aliyetumwa ni mimi.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na shida ya kipimo. Kwetu mtu aliye hai hapimwi sanduku. Ukiingiza fundi na metre yake kwenye nyumba ya mgonjwa, jirani zako watasema umeita kifo kwa jina. Mama alikataa hata kusikia. Basi kabla jua halijatoka, Tata akiwa bado usingizini, nilichukua kamba ya katani iliyofunga gunia la sukari, nikainyoosha kandokando yake, kutoka kichwani mpaka kwenye visigino. Alikuwa mtu mrefu sana, kila mlango aliinama. Nikafunga fundo, nikaiviringisha, nikaificha kiunoni ndani ya kitenge. Mama aliniona. Akageuza uso ukutani.

Saa mbili nilipanda kamyo ya Mwepu, dereva aliyebeba unga na samaki wakavu kwenda Kakanda. Mbele palijaa, nikakaa juu ya magunia pamoja na wanawake wengine. Tulipopita Kambove mvua ikatukuta. Mvua ya mwezi wa kwanza mnaijua, haina huruma. Mwepu alisimama atoe turubai, akafunika unga. Mwanamke mmoja akampigia kelele, "We Mwepu, sisi njo hatuna bei?" Akajibu, "Unga ikilowa inaharibika, mama. Weye utakauka." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Maji yaliniingia mpaka kwenye ngozi. Kamba yangu ilikuwa palepale kiunoni, na sikuifikiria hata kidogo.

Kakanda tulifika jioni, matope mpaka kwenye goti. Kalasa alinijua kabla sijasema.

"Huyu si mutoto wa Kabeya? Tazama miguu, mirefu sawa ya korongo! Mama Musonda, njoo uone, Baluba bametuvamia!"

Mama Musonda, bibi yake wa ndoa, akanipa nguo kavu na bukari, ugali wetu. Nilipoeleza kilichonileta Kalasa akaacha mzaha. Kisha akasema, "Alisema atakuja mwenyewe kuichukua." Ni hayo tu.

Siku ya pili asubuhi walilitoa gogo. Kalasa alikuwa na mukwe wake, Kasongo, mume wa binti yake. Nataka mjue namna walivyofanya kazi, kwa sababu sikuona tena mahali pengine. Gogo linawekwa juu ya miti, chini yake kuna shimo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao. Sasa mukwe hawezi kusimama juu ya kichwa cha baba wa mke wake, na wala hatakiwi kumtazama usoni. Kwa hiyo kila siku Kasongo ndiye aliyekuwa chini, unga wote wa mbao unamwangukia machoni, na gogo ndilo lililowakinga wasitazamane. Wakitaka kusemeshana walipitia kwa Mama Musonda, au walipiga msumeno: mara moja, simama, mara mbili, endelea.

Kalasa alipaka uzi masizi, akauvuta juu ya gogo na kuuachilia, ukaacha mstari mweusi. Walianza na ganda. Wanapasua upande wa kwanza, wanageuza, upande wa pili, mpaka pande zote nne, na gogo la mviringo linabaki na kona. Vile vipande vinne vya nje, upande mmoja bapa na upande mwingine maganda, wanaviita krute. Kalasa aliviegemeza kwenye ua.

Nikauliza, "Hii krute ni ya nini?"

"Kuni. Kibanda ya nguruwe. Na kule kambini, sanduku ya muntu mwenye hana muntu."

Chini ya ganda kuna mbao nyeupe, nyama ya mti, ambayo wadudu wanaipenda. Ndani yake ndio moyo, na moyo wa mulombwa ni mwekundu kama udongo wa kwetu. Hapo ndipo mbao nzuri zinatoka. Kila njia msumeno unapopita, meno yanakula kiasi cha kidole, huo ni unga, haurudi. Mchana tulikuwa na mbao sita, nyekundu, zinanukia. Nililia kidogo nilipozigusa, kwa kuwa zilikuwa nzuri na nilijua ni za kufanya nini.

Zilibaki kukatwa ncha. Ncha za gogo lililokaa miaka zinakuwa na nyufa, kama kisigino cha mtu wa shamba. Kalasa akauliza urefu. Nikampa kamba. Ilikuwa bado baridi na nzito kwa maji. Akaipima kwa mkono wake, akarudia.

"Ngalula, hii ni kamba ya nani?"

"Ya Tata. Nalimupima minye mwenyewe."

"Kabeya iko murefu kupita hii."

"Ugonjwa umemupunguza. Kamba haisemake bongo, haidanganyi."

Akaniambia, "Sikia. Mbao haikatwake ncha mu pori. Unaiacha na nyufa yake, unaenda nayo mpaka nyumbani, fundi njo anakata nyuma ya yote, mwisho. Siku zote tuliacha ziada."

Mimi nikaona nyufa zile mbaya, nikafikiri Tata ataziona atasema nimemletea mbao mbovu. Alikuwa amenichagua mimi, si Tshibangu. Nikasema, "Kata pa fundo, Tata Kalasa. Nataka zifike safi." Akanitazama. Akakata. Zote sita.

Siku ya tatu asubuhi nilikuta kamba imeanikwa karibu na moto. Mama Musonda aliichukua usiku akaikausha pamoja na nguo zangu. Nikaenda nayo kufungia mbao. Nilipoinyoosha juu ya ubao wa kwanza, ilipita. Nikafikiri nimeanza vibaya. Nikaanza tena, nikishika ncha kwa kidole cha mguu. Ilipita kiganja kizima na vidole viwili.

Nilimwita Kalasa. Akatazama kamba, akaigusa, akaelewa kabla yangu. "Ililowa," akasema. "Katani ikilowa inajikunja." Hakunigombeza, na hiyo ilinichoma zaidi. Niliketi juu ya unga mwekundu. Gogo lingine halikuwapo, na la kukatwa leo lingehitaji miaka kukauka. Tata alikuwa na siku, si miaka.

Ndipo Kasongo, ambaye hakuwa ameniambia hata neno zaidi ya yambo, akasema kwa sauti akitazama upande wa miti, "Mama Ngalula, ambia Tata ya bibi yangu kama zile krute hazikukatwa ncha."

Kalasa alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Akanijibu mimi, "Ambia mukwe wangu: Kabeya hawezi kulala mu krute. Ni haya, ni aibu."

"Ambia Tata ya bibi yangu: ni haya, lakini urefu inatosha."

Mama Musonda akasema, "Ninyi wawili, mutaniua." Lakini hakuna aliyecheka. Krute zile nne zilikuwa na urefu wote wa gogo, nyufa zake na maganda yake. Nikasema tupakie vyote, mbao fupi na krute, Tata ataamua mwenyewe. Nilisema hivyo kwa mdomo. Moyoni sikujua nitaingiaje mlangoni.

Wakati wa kupakia, Mwepu alisema, "Mama, unatoa kuni Kakanda unapeleka Panda? Kule hakuna miti?" Kalasa alimwambia anyamaze, akanyamaza, akatusaidia kufunga.

Njiani kurudi, kwenye kizuizi, askari mmoja aliuliza mbao ni za nini. Nikasema za sanduku. "Maiti iko wapi?" Nikasema, "Hajakufa, sitwaya. Ni baba yangu." Alisimama hapo, mkono juu ya krute. Kisha akafungua njia, wala hakuuliza karatasi.

Panda tulifika kabla ya jioni. Nilipoona Mama ameketi nje na kitambaa chake cha kawaida kichwani, nilijua Tata yuko hai. Tshibangu alikuwa ametoka kazini. Tata alisikia mbao zinashushwa, akaita abebwe mpaka mlangoni. Tukamweka kwenye kiti.

Hakuuliza salamu za Kalasa. Alinyoosha mkono juu ya ubao wa kwanza, akapitisha kiganja, akaunusa, akagonga kwa kidole. Akasema, "Moyo." Akapita wa pili. "Moyo." Akafika kwenye ncha, mahali palipokatwa safi, akasimama hapo.

"Nani alikata hapa?"

"Kalasa, Tata. Lakini minye njo nalimutuma."

"Kalasa hawezi kukata mufupi hivi. Kipimo ilitoka wapi?"

Nikamweleza yote. Asubuhi ile, kamba, mvua, nyufa, ubishi wangu. Mama alifunika mdomo. Tshibangu akaniambia, "Ulipima Tata angali muzima?"

Tata akaniuliza, "Nalikuwa nalala?"

"Ndiyo, Tata."

"Vizuri. Hata bale nalibapima, bote balikuwa kimya." Akacheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi, tukangoja kiishe.

Kisha akaona krute, zimeegemezwa ukutani. Tshibangu akasema haraka, "Hizo ni kuni, Tata, tutazitoa." Tata akasema, "Lete."

Akaishika moja upande wa maganda. Alisema polepole, kwa Kiswahili chetu, na mimi nitayaweka kama nilivyoyasikia:

"Kule pori, mwenye mbao alitupatia mbao kidogo tu ya masanduku. Muntu mwenye iko na ndugu, ndugu banakuja, banalia, banasema na sisi, tunamupasulia moyo. Muntu mwenye alikuja peke, hana wa kumulilia, tunamugongomelea krute. Minye njo nalichagua nani apate nini. Kalasa alikuwa anapasua tu. Miaka yote ile, minye."

Mama akasema, "Feridina, pumzika."

"Napumzika. Tshibangu, sikia. Krute mbili chini, mbili juu. Maganda inje, usiitoe. Zile fupi uweke mbavuni, uziunge pa miguu na kipande ingine. Nitalala sawa bo, bale ba krute."

Tshibangu akasema, "Tata, batu watacheka. Watasema watoto wako hatukukupenda."

"Ngalula atabaambia."

Siku tisa baadaye alitutoka, mchana, Mama ameshika mguu wake. Sanduku likafungwa kama alivyosema. Alienea. Watu walipoona maganda ya mti chini na juu, mbele ya kanisa kulikuwa na minong'ono, na shangazi mmoja, Kapinga, dada mdogo wa Tata, alilia kwa hasira akiniuliza kama kaka yake alikuwa mbwa. Nikasimama nikawaambia maneno ya Tata yote. Padri alingoja nimalize. Shangazi Kapinga hakunisalimia mpaka Pasaka.

Nilichojifunza katika safari ile ni kidogo. Kwamba mbao inakatwa ncha mwisho wa yote, ukiwa mbele ya mwenyewe, na mtu aliyezeeka katika kazi akikwambia uache ziada, uache. Na kwamba baba yangu alibeba kitu miaka mingi, nasi tulidhani ni miguu tu inayomuuma.

Sasa nimezeeka kuliko alivyokuwa yeye. Kama nimekosea siku, au kijiji, au kama Kasongo alisema maneno yake kwa namna nyingine, wajukuu wa Kalasa mlio hai mnisahihishe, sitakasirika. Ila kuna jambo moja siwezi kukosea kwa sababu sikulipata kamwe: majina ya wale waliozikwa ndani ya krute kule nyuma ya Kakanda. Nilimuuliza Tata katika zile siku tisa. Alitaja watu wengi, wote wa mbao za moyo. Wa krute hakukumbuka hata mmoja. Mwenye kujua jina, hata moja, aje aniambie, liandikwe hapa.