Mama Mbele ya Kamera ya Tamar

Mpaka leo nikinusa mafuta ya taa, moyo wangu unarudi Harrow, pembeni mwa London, kwenye chumba chetu cha chini katika nyumba ya kupanga, ambako jiko la mafuta lilitoa moshi mwingi kuliko joto na makoti mabichi mlangoni yalinuka kama mbwa aliyenyeshewa. Tulikuwa Wahindi tuliotoka Kisumu: mama, mimi na mdogo wangu Karim. Baba alibaki. Pasipoti yake ilikuwa ya Kenya, si ya Kiingereza kama zetu, na wakubwa wa Uingereza wakasema asubiri kwanza. Mama alipenda kusema subira huvuta heri. Loo, yetu ilivuta mafua tu! Kila jirani aliyeuliza, "Mzee amefika?" alijibiwa neno moja: "Bado." Mama hakusema "hapana" hata siku moja.

Chumba cha juu alipanga Tamar, msichana wa Kiisraeli aliyekuja London kusomea kutengeneza sinema. Baba yake mhandisi aliwahi kujenga barabara upande wa Kisumu, Tamar akiwa mtoto, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili, tena kile cha jikoni, cha "wewe leta maji". Siku ya kwanza kukisikia, mama alicheka mpaka akakaa chini, akammiminia chai ya tangawizi, na tangu hapo akamwita binti. Tamar alitueleza jinsi kwao Haifa walivyomsihi aolewe, aachane na mambo ya kamera, na jinsi wanaume wa darasani kwake walivyomtuma kubeba nyaya. "Mimi iko na kichwa," alisema, akijigonga paji la uso, "lakini wao naona mikono tu." Mama alimwonea huruma sana.

Ndipo Tamar akaomba kumpiga mama picha. Watu wakiiona kwenye televisheni, alisema, wakubwa wataona haya na baba ataruhusiwa. Maskini mama, aliamini kama alivyoamini kwamba kutakucha! Lakini kwetu picha ni picha tu, ya ukutani au ya sinema, neno ni hilo hilo. Jumamosi ile akavaa sari ya harusi, akatia wanja, akasimama wima kando ya dirisha amebana pumzi, kama alivyofanya kwa mpiga picha wa Kisumu. Kamera ikaanza kunguruma. Mama hakupepesa jicho. "Mama, fanya kazi! Pika!" Tamar akamsihi. "Nani anapika na sari ya harusi, binti?" mama akajibu, midomo haisogei. Mimi na Karim tuliziba vinywa tusiangue kicheko. Utepe wa filamu ulikuwa unakwisha, naye hakuwa na mwingine. Tamar akauliza kwa upole, "Mama, mzee nakuja lini?"

Midomo ya mama ikaanza kutetemeka. Akaikazia kamera macho kana kwamba baba yumo ndani, akasema, "Njoo, Baba Shirin. Karim ameshasahau sura yako." Shirin ni mimi. Nilitaka kumkimbilia, lakini Tamar aliinua kiganja tusisogee, na wanja wa mama ukateremka mashavuni huku nikitazama tu, sina la kufanya.

Picha ilitoka kwenye televisheni kweli. Mama aliitazama koti likiwa magotini, tayari kwenda kumpokea mumewe uwanja wa ndege. Hakuna aliyebisha hodi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kabla ruhusa haijatoka, baba alifariki kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa Kisumu bila sisi. Tamar alikuwa ameshahama. Alitengeneza sinema nyingi, zote za watu wanaongoja, bandarini, hospitalini, kwenye malango ya magereza, akapewa tuzo, akawa mtu mkubwa. Simwonei wivu, kipaji alikuwa nacho.

Siku hizi wajukuu wangu huenda Kisumu likizo na kurudi, wakinung'unika kwa Kiingereza kuhusu chakula cha ndegeni. Juzi nilikwenda ukumbini mjini alikokuwa akienziwa Tamar. Mama, ambaye sasa amelala makaburini, akatokea kwenye skrini, mkubwa kama ukuta, akamwita baba, watu wakapiga makofi. Mlangoni Tamar, nywele nyeupe pe, akanitambua kwa sura ya mama, akanishika mikono yote miwili.

"Shirin! Mzee nakuja?"

Miaka yote hiyo hakujua kwamba baba alikufa. Nilifungua kinywa nimweleze, nikasikia sauti ya mama ikinitoka.

"Bado," nikasema.