Mwenye Hoja Hayupo

Jumamosi tulimzika Baba Ciku. Leo ofisini nimeambiwa nimwandike "hayupo".

Mnajua kazi yangu ni kuandika vitabu vya maelekezo ya pampu tunazotengeneza hapa Thika. Lakini kila mkutano bosi husema, "Shiru, si wewe ndiye unajua kuandika? Chukua minutes."

Na ukiandika kumbukumbu za mkutano, utaongea saa ngapi?

Baba Ciku, fundi wetu, ndiye pekee aliyeona hiyo kitu. Mwezi uliopita aliinua mkono mkutanoni.

"Huyu dada anajua hizi pampu kuliko wengi wetu. Tutafute mtu mwingine wa kuandika, yeye tumsikie."

Bosi akasema tutajadili mkutano ujao.

Mkutano ujao ndio wa leo.

Tumefungua na maombi, tukanyamaza kidogo kwa ajili yake, kisha nikaambiwa nisome minutes za mwezi uliopita. Nikafika kwa maneno yake. Sijui hata nimemaliza aje.

Bosi akauliza nani anaendeleza hiyo hoja. Watu wote wakaangalia simu zao.

Ndiyo, hata mimi nina mdomo. Lakini nilijua nikiufungua nitalia.

"Basi andika mwenye hoja hayupo, tuendelee," bosi akasema, kwa upole kabisa.

Nikaandika. Mwenye hoja hayupo. Hoja imefungwa.

Nyinyi wa maofisi, mngeandika?

Kwa sababu mwezi ujao nitayasoma maneno hayo kwa sauti, halafu bosi atauliza kama ndivyo ilivyokuwa, na mtu atasema ndiyo.