Chokaa Mara Mbili Juu ya Mlango

Kwa miaka arobaini na mmoja, kila Juma Kuu, Garifalia alikoroga chokaa na kulipaka kanisa dogo la Mtakatifu Marina. Alianza na kuta, akaja kwenye nguzo, akamalizia juu ya mlango. Hapo alipaka mara mbili. Ndivyo mama mkwe wake alivyomwagiza alipoolewa, na mama mkwe yule hakuwa mtu wa kuulizwa maswali. Garifalia aliona ananyanyaswa tu, akanuna akapaka.

Kanisa lilijengwa na tajiri aliyemiliki bonde zima hapa Thesalia, Ugiriki. Aliliwekea nguzo nne mbele na pembetatu juu yake, mtindo wa mahekalu ya kale, maana matajiri wenzake walijenga hivyo. Alipokufa, wanawe wakauza kipande kipande. Jumba lake likaungua na hati zote, na wanakijiji, bila haya, wakajibebea marumaru zake. Likabaki kanisa katikati ya nyanya, na Garifalia na ufunguo wake.

Mwaka huo mwenye kiwanda cha nyanya alinunua shamba. Alitaka kulibomoa kanisa ajenge ghala. Sheria ingelilinda tu kama limepita miaka mia, naye alidai ni kibanda cha juzi. Mtaalamu wa majengo ya kale angekuja Alhamisi kuamua.

Jumatano alipita Lambros, kaka wa marehemu mumewe.

"Shemeji, marehemu baba alikuwa akisema pana jiwe lenye mwaka juu ya mlango."

"Mbona mimi sijaliona?"

"Utalionaje? Umelizika mwenyewe. Ndoo ngapi za chokaa pale? Labda imeshayala maandishi yote."

Lambros alicheka. Garifalia hakucheka. Usiku kucha alijiona mjinga aliyeua alichokuwa akikilea.

Mtaalamu aliyekuja Alhamisi alikuwa binti mwembamba aitwaye Danai. Hata salamu haikuisha, Garifalia akakiri yote.

"Tuone kwanza, mama," Danai alisema, akapanda ngazi.

Alikwangua polepole. Chokaa ilidondoka vipande vinene kama ganda la mkate. Upande wa kushoto, hakuna kitu. Katikati, hakuna. Garifalia alishika nguzo.

"Kuna herufi," Danai alisema.

Alikwangua tena, kisha akasoma kwa sauti jina la tajiri, la Mtakatifu, na mwaka 1868. Herufi zilikuwa kali, kana kwamba mchongaji ameondoka jana.

"Mawe mengine ya kuchongwa ya shamba hili yako wapi?" aliuliza.

Lambros, aliyekuja kutazama, akakohoa. Mbuzi wake walikuwa wakinywea maji kwenye jiwe moja zuri sana la jumba lile.

"Basi," Danai alisema, "hili lisingefunikwa, nalo lingebebwa. Nani alianza kupaka hapa juu?"

Garifalia aliketi kizingitini. Akilini alimwona mama mkwe wake, miaka ile majirani wakipita na mikokoteni ya marumaru, akishika brashi na kumwamrisha bibi harusi: hapo, mara mbili. Hakumwambia kwa nini. Bibi harusi alikuwa mgeni, na ndugu zake nao walikuwa na mikokoteni.

Alilia huku akicheka, mzigo wa usiku kucha ukimtoka kifuani.

"Shemeji, usilie, kanisa limepona," Lambros alisema.

"Nakwenda makaburini," Garifalia alisema, akijifuta macho. "Kuna mtu nilimnunia miaka arobaini."