Doto Arudishwa Kwenye Programu

Mwaka 1998 pale Shinyanga, Anar alikuwa na kompyuta yenye joto la kuivisha maharage. Programu yake ya kadi za kliniki, ya bure, yeyote ruksa kuirekebisha, ilikuwa itoke Ijumaa, na alishafunga kupokea nyongeza. Jumatano akaingia Mageni, yaani Mama Lusia, karani wa kliniki ya Masumbwe, na disketi ya marekebisho.

“Anar mwanangu, programu inamfuta kila Doto, pacha wa pili! Ikishamwona Kulwa, inadhani pacha wake ni yeye yule kaandikwa mara mbili.”

“Shikamoo, Mama Lusia. Nimeshafunga. Umeyajaribu hayo?”

“Marahaba. Wa kujaribia hao nje.”

Lori la pamba lilishusha mapacha jozi kumi na nne, kwa kelele za kung’oa bati. Anar akaingiza disketi, wakaandikwa wote, hakupotea hata mmoja.

“Haya, Doto apite,” Anar akacheka. “Wenye marekebisho mengine wangoje toleo lijalo!”